Wu Guanzhong, Mchoraji wa Tenga la Samadi

Wanaoandika juu ya mchoraji Wu Guanzhong hupenda kumwita daraja kati ya Mashariki na Magharibi, na sifa hiyo imerudiwa mara nyingi mno hata haimwambii tena msomaji jambo lolote. Kwa muda mrefu nimekuwa nikizitazama picha zake katika vitabu vya maonyesho na katika makusanyo ambayo majumba ya sanaa ya Singapore na Hong Kong yameyaweka mtandaoni, na kadiri ninavyozilinganisha na maandishi yake mwenyewe ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mtindo wake haukutokana na mpango wa kuziunganisha tamaduni mbili. Ulitokana zaidi na kunyimwa. Kila alipopiga hatua kubwa katika sanaa yake, ukichunguza vizuri utakuta kuna kitu alichokatazwa au alichokikosa muda mfupi kabla ya hapo. Makala hii inafuata njia hiyo, na haitaigusa kila picha wala kila tuzo.

Alizaliwa mwaka 1919 katika kijiji kimoja cha Yixing, mkoani Jiangsu, sehemu ya mifereji na madaraja ya mawe ambako nyumba huwa na kuta zilizopakwa chokaa na paa za vigae vyeusi. Msomaji aukumbuke weupe huo na weusi huo, maana ndio utakaokuja kumpa jina. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini ambaye pia alilima, na mama yake hakujua kusoma wala kuandika. Katika insha aliyoiandika uzeeni kumhusu baba yake, insha ambayo watoto wa Kichina huisoma shuleni, Wu anasimulia jinsi mzee huyo alivyoazima mashua ya shemeji yake ili ampeleke mwanawe kwenye mtihani wa kujiunga na shule ya mjini, na jinsi walivyolala humo chomboni ili kuokoa fedha za nyumba ya wageni. Anasimulia pia kwamba baba, kwa kushindwa kumnunulia mwanawe vitu vya kuchezea, alimtengenezea kwa mkono bomba la vipande vya kioo na karatasi za rangi, ambalo ukilizungusha na kuchungulia ndani unaona maumbo yakijipanga upya kila mara. Wu alikuja kusema kwamba bomba hilo ndilo lililomfundisha kwa mara ya kwanza kwamba rangi na umbo vinaweza kupendeza bila kuwa picha ya kitu chochote.

Familia ya aina hiyo haimtumi mtoto shuleni ili akawe mchoraji. Kijana Wu aliingia shule ya ufundi iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Zhejiang, akasomea umeme, na yaelekea angeishia kuwa mhandisi wa kawaida kama katika mafunzo ya kijeshi ya wanafunzi asingepangwa pamoja na kijana aitwaye Zhu Dequn, aliyekuwa akisoma katika chuo cha sanaa cha Hangzhou. Zhu alimpeleka kukitembelea chuo hicho kando ya Ziwa la Magharibi. Mwaka 1936, dhidi ya matakwa ya baba yake, Wu aliacha umeme na kuanza upya. Chuo kiliongozwa na Lin Fengmian, aliyekuwa amesomea Ufaransa na aliyeamini kwamba uchoraji wa Kichina na ule wa Ulaya ufundishwe chini ya paa moja. Rangi za mafuta Wu alifundishwa na Wu Dayu, na wino na brashi alifundishwa na Pan Tianshou, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mapokeo katika karne hiyo. Mwaka uliofuata majeshi ya Japani yakaivamia China, na chuo kizima, walimu na wanafunzi na mizigo yao, kikahama kuelekea bara kupitia Jiangxi, Hunan, Guizhou na Yunnan hadi Chongqing. Alihitimu mwaka 1942 akiwa mkimbizi.

Mwaka 1946 aliongoza kwa upande wa sanaa katika mtihani wa serikali wa ufadhili wa masomo ya ng'ambo. Mwaka huohuo alimwoa Zhu Biqin, mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka 1947 akapanda meli kwenda Ufaransa huku mkewe akiwa mjamzito. Huko Paris alisoma katika chuo cha taifa cha sanaa, kwenye karakana ya Jean Souverbie, akajaza siku zake makumbusho na miili ya watu waliokaa uchi ili wachorwe, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa zoezi kuu la shule. Alimpenda Cézanne, alimpenda Van Gogh kupita kiasi, na alimpenda Utrillo, mchoraji wa vichochoro vya Montmartre na kuta zake nyeupe zilizochakaa. Sishangai kwamba mtoto wa Yixing alivutwa na kuta nyeupe.

Mwaka 1950 alirudi nyumbani. Rafiki zake wa Hangzhou walichagua vingine: Zao Wou-Ki, aliyefika Paris mwaka 1948, alibaki, na Zhu Dequn, ambaye Wafaransa walimjua kwa jina la Chu Teh-Chun, alihamia huko mwaka 1955. Wote wawili walipata umaarufu mkubwa na hatimaye wakachaguliwa kuwa wajumbe wa Akademia ya Sanaa ya Ufaransa. Wu alikuwa na sababu zake za kurudi: mke na mtoto ambaye alikuwa hajawahi kumwona, nchi mpya iliyokuwa ikianzishwa, na imani kwamba mchoraji aliyekatwa na ardhi yake hana cha kuchora.

Ardhi hiyo haikumpokea vizuri. Alipata kazi ya kufundisha katika Akademia Kuu ya Sanaa ya Beijing, iliyokuwa chini ya Xu Beihong, mtu aliyeuchukia uchoraji wa kisasa wa Paris tangu zamani, katika miaka ambayo uhalisia wa Kisovieti ulikuwa ukifanywa sheria. Kuna kisa ambacho Wu mwenyewe alikipenda. Aliwaonyesha wanafunzi wake vitabu vya picha alivyotoka navyo Ufaransa, nao wakamuuliza kama alikuwa na picha za Repin, mchoraji wa Kirusi aliyekuwa akitukuzwa wakati huo. Mwalimu aliyetoka Paris hakulijua jina hilo. Kisa kinachekesha, lakini kilichofuata hakikuchekesha. Aliitwa ngome ya ufomalisti wa mabepari, yaani sanaa inayojali umbo kuliko ujumbe. Watu aliowachora walishutumiwa kwamba wanawatia ubaya wafanyakazi, wakulima na askari, na mara kwa mara alitakiwa azirekebishe nyuso ziwe za furaha na afya kama zilivyotakikana. Mwaka 1953 alihamishiwa Chuo Kikuu cha Tsinghua kuwafundisha wanafunzi wa usanifu majengo kuchora kwa penseli na rangi za maji.

Hapo ndipo alipoacha kuchora watu. Mtu aliyekwenda Paris kujifunza mwili wa binadamu aligeukia miti, milima na paa za nyumba, kwa sababu mti hauna tabaka la kijamii na hakuna kamati itakayouliza kwa nini hautabasamu. Hakuwa na moyo wa kuipenda mandhari tangu mwanzo, alisukumiwa huko. Lakini akiwa huko aligundua njia ya kufanya kazi ambayo hakuiacha tena. Alipokwenda Tibet mwaka 1961, na katika safari nyingine nyingi za miaka hiyo, hakukaa mahali pamoja na kunakili kilichokuwa mbele yake kama alivyofundishwa. Alichora mlima kutoka upande mmoja, akabeba vifaa vyake na kwenda mwendo mrefu kuutafuta mti uliofaa, kisha akahama tena kwa ajili ya nyumba, vyote vikiingia katika turubai moja. Hivyo ndivyo wachoraji wa wino wa kale walivyopanga mandhari zao, wakitembea milimani na kuchora safari yenyewe badala ya dirisha moja. Wu alifika hapo akiwa na rangi za mafuta mkononi.

Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, aliziharibu picha zote za miili mitupu alizotoka nazo Paris kabla Walinzi Wekundu, vijana wa mapinduzi hayo, hawajazikuta. Kazi ya miaka mitatu ya ujana iliteketea mikononi mwa mwenyewe. Kisha akakatazwa kuchora, na mwaka 1970 akapelekwa pamoja na chuo alichokuwa akifundisha wakati huo kwenye kijiji cha Lijia, wilaya ya Huolu, mkoani Hebei, kulima chini ya usimamizi wa jeshi. Familia yake ilitawanywa. Yeye mwenyewe alikuwa akiugua homa ya ini.

Ni kijijini Lijia ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu zaidi kila ninapoyasoma maisha yake. Baada ya takriban miaka miwili, walimu waliruhusiwa kuchora siku ya Jumapili. Ruhusa ilikuja bila vifaa. Turubai hazikuwepo, kwa hiyo Wu alinunua katika duka la kijiji vibao vyepesi ambavyo watoto huandikia kwa chaki, akavipaka gundi na kuchora juu yake kwa mafuta. Kiegemeo cha kusimamishia picha hakikuwepo pia. Wakulima wa pale walikuwa wakibeba samadi kwa tenga lenye mpini mrefu uliopinda. Wu akaazima tenga, akaegemeza kibao kwenye mpini, akapanga rangi ndani ya tenga lenyewe, na akaenda nalo shambani. Wenzake walimcheka, kisha wakamwiga, na kundi zima likajiita kwa mzaha Shule ya Tenga la Samadi.

Alichora nini? Mtama na pamba. Maboga yaliyotambaa juu ya ukuta wa udongo. Nyumba ya watu waliompa makazi. Ameandika kwamba alikuwa amekata tamaa na ugonjwa wake kiasi cha kuamua afanye kazi hadi imuue, na kwamba ini lilipona wakati alipokuwa akisubiri kufa. Sijui madaktari wangelieleza vipi jambo hilo, nami nalichukua kama anavyolisimulia. Ninachoweza kukisema ni kinachoonekana katika picha. Kibao cha chaki ni kidogo na uwanda wa Hebei ni mpana, usio na mlima wala ziwa la kuokoa picha. Mchoraji hana budi kuinama. Katika picha hizi majani ya boga yamechorwa moja baada ya jingine, karibu sana, kwa subira ya mtu anayejua kwamba Jumapili nyingine iko mbali, na bado ukirudi nyuma hatua chache yote yanakuwa mpigo mmoja wa kijani na manjano unaotetemeka katika uso mzima wa kibao. Ulinganifu wa Paris umo, ila umejificha ndani ya shamba ambalo mkulima yeyote wa Lijia angelitambua. Na kweli walilitambua, kwa maana wakulima ndio waliokuwa watazamaji wake pekee. Wu alijifunza kuwasikiliza: walipoiona picha iliyonakiliwa vizuri lakini haina uhai, walisema inafanana, walipoiona iliyomridhisha yeye mwenyewe, walisema ni nzuri. Alianza kutafuta picha itakayopata sifa zote mbili kutoka kwa watu wasiojua lolote juu ya Cézanne bila kuwaaibisha wale wanaomjua.

Mkewe anastahili kutajwa hapa. Katika safari za miaka hiyo alimshikia mwavuli mvua iliponyesha, na siku moja ya upepo mkali, kwa kuwa kiegemeo kisingesimama, alikishikilia kibao kwa mikono yake miwili katika baridi hadi picha ikamalizika. Wasifu wa wachoraji wakubwa huwapitia wake zao kwa mstari mmoja. Wu, kwa heshima yake, alilieleza jambo hili yeye mwenyewe katika maandishi yake.

Mwaka 1973 aliitwa Beijing, pamoja na Huang Yongyu, Yuan Yunfu na Zhu Danian, kutengeneza picha kubwa ya Mto Yangtze kwa ajili ya Hoteli ya Beijing. Walisafiri kando ya mto wakichora, lakini kampeni dhidi ya kile kilichoitwa picha nyeusi, yaani picha zilizodaiwa kuupinga ujamaa, iliizima kazi hiyo mwaka 1974. Kilichobaki ni mazoezi ya kuona mbali na kwa upana, kinyume kabisa na ya Lijia. Katika miaka hiyohiyo, akiishi na familia yake katika vyumba finyu ambamo turubai kubwa haikuweza kusimama, alianza kushika tena wino na karatasi, vitu alivyofundishwa na Pan Tianshou alipokuwa kijana. Karatasi ya Kichina hukunjwa na kuwekwa kando, wino hukauka upesi, na meza moja hutosha. Sababu ya kwanza ya mapinduzi yake makubwa ya kisanaa ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, ufinyu wa nyumba.

Baada ya kifo cha Mao alianza kusema hadharani yale aliyoyanyamazia kwa karibu miaka thelathini. Mwaka 1979 alichapisha katika jarida la *Meishu* makala kuhusu uzuri wa umbo katika uchoraji, na mwaka 1980 nyingine kuhusu uzuri dhahania. Msomaji aliyepitia somo la fasihi ya Kiswahili shuleni atauelewa ugomvi huo bila kuelezwa sana, maana amekwisha kuhojiwa mara nyingi juu ya fani na maudhui na ipi kati ya hizo inaitawala nyingine. China ya wakati huo ilikuwa na jibu moja tu, kwamba maudhui ndiyo yanayoamua umbo, na jibu hilo lilikuwa limewapeleka watu shamba. Wu alihoji kama jambo hilo ni kweli katika uchoraji, ambako mara nyingi mchoraji huona kwanza mstari na doa la rangi, na maana huja baadaye. Majibu ya wapinzani yaliendelea kwa miaka.

Mwaka 1981 alichora *Mbayuwayu Wawili*, picha ya wino ambayo yeye mwenyewe aliiona kuwa nguzo ya kazi yake. Asili yake ni safu ya nyumba aliyoiona huko Ningbo karibu na stesheni ya reli, akakimbilia kuichora haraka kabla gari halijaondoka. Ni karatasi ndefu ya mlalo. Sehemu kubwa yake ni ukuta mweupe, yaani ni karatasi tupu isiyoguswa. Juu yake umepita ukingo mwembamba wa paa jeusi, chini kuna milango myeusi, mti usio na majani unapanda, na ndege wawili wadogo wanapita. Mchoraji wa Kiholanzi Mondrian angeupenda mpangilio huo wa mistari wima na ya mlalo, na Wu alimtaja waziwazi alipoieleza picha hii, akisema kwamba yeye pia anatafuta umbo tupu la kijiometri ila hataki kuipoteza hisia ya mahali. Ukiwafuta wale mbayuwayu, picha inabaki na mpangilio wake wote, lakini Jiangnan, eneo la kusini mwa Mto Yangtze alikozaliwa, inaondoka.

Wazo hilo alilipa sura katika insha ya mwaka 1983 kuhusu tiara isiyokatika uzi. Kazi ya sanaa ni tiara: lazima ipae, na kadiri inavyopaa juu ndivyo inavyokaribia kuwa umbo tupu, lakini uzi unaoiunganisha na watu na mahali ilikotoka usikatwe. Alilijaribu wazo hilo katika mandhari ileile mara kwa mara. Mwaka 1988 alirudia kuta na paa katika picha ya nyumba ya mwanamapinduzi Qiu Jin, na mwaka 1996 akazirudia tena, safari hii zikiwa zimebaki mapande ya weusi, kijivu na weupe ambayo mtu asiyezijua picha zilizotangulia asingeyaita nyumba. Ukiziweka tatu hizo kwa mfuatano unamwona akiongeza urefu wa uzi kila baada ya miaka michache ili apime kama bado anauhisi mkononi.

Mwishoni mwa mwaka 1981 aliongoza ujumbe wa wachoraji wa China kwenda Nigeria, Sierra Leone na Mali, na njia ya kurudi ilipitia Paris. Kwa hiyo ni safari ya Afrika iliyomrudisha katika mji alioondoka zaidi ya miaka thelathini kabla. Aliwakuta marafiki wa ujana wakiwa watu wakubwa wenye karakana zao, na akaulizwa kama hakujuta kuondoka. Alikataa. Ninamwamini, ingawa nadhani swali hilo lilimtesa zaidi ya alivyokiri, kwa sababu alilirudia mno katika maandishi yake ya baadaye.

Heshima zilizofuata nitazipitia haraka. Mwaka 1992 Jumba la Makumbusho la Uingereza lilifanya maonyesho yake, ya kwanza kwa mchoraji wa Kichina aliye hai, na mwaka 2000 yeye pia alichaguliwa kuwa mjumbe wa kigeni wa akademia ileile ya Ufaransa iliyowapokea wenzake. Kinachonivutia zaidi ni jinsi alivyozidi kuwa mkali kadiri alivyozeeka. Mwaka 1991 alizipekua picha zake nyumbani na kuziharibu zaidi ya mia mbili ambazo hazikumridhisha, wakati ambapo kila moja ingeuzwa kwa bei kubwa. Mara hii hakuna aliyemlazimisha. Mwaka uliofuata aliandika kwamba wino na brashi ni sawa na sifuri, na wapenzi wa mapokeo wakawaka. Alichokisema hasa ni kwamba ustadi wa brashi uliotengwa na picha yenyewe hauna thamani yoyote, lakini alikisema kwa namna ya kuchokoza, na mwaka 1998 Zhang Ding, aliyewahi kukiongoza chuo alichofundisha Wu, alimjibu kwamba brashi na wino ndio mpaka wa mwisho ambao uchoraji wa Kichina hauwezi kuuvuka ukabaki kuwa wa Kichina. Nadhani Zhang alikuwa na hoja nzito kuliko wafuasi wa Wu wanavyokubali. Mstari wa Wu mara nyingi ni mwembamba na wa kasi moja. Ukiuweka karibu na mstari wa Pan Tianshou unaona kilichopungua. Katika kazi za miaka ya tisini, mistari inayotiririka na madoa ya waridi, kijani na manjano huwa desturi, na baadhi ya picha hizo zinatambulika kuwa zake kabla hazijatazamwa.

Alipokuwa na miaka zaidi ya sabini alipata pia kesi ya ajabu. Picha yenye jina lake, iliyomwonyesha Mao akiandika bango la kisiasa, iliuzwa mnadani Hong Kong mwaka 1993. Wu, aliyekuwa ameacha kuchora watu miongo minne kabla, alisema si yake, akafungua kesi Shanghai na akashinda mwaka 1996. Alilalamika kwamba kesi ilimla muda ambao hakuwa nao.

Bei hazikumfurahisha kwa namna ileile zilivyowafurahisha wauzaji. Picha yake ya miamba ya bustani ya Simba huko Suzhou iliuzwa mwaka 2011, baada ya kifo chake, kwa yuan milioni 115, lakini alipokuwa hai aliendelea kuishi katika nyumba ya kawaida jijini Beijing na kugawa picha kwa majumba ya umma: Jumba la Sanaa la Singapore lilipata 113 kwa mkupuo mmoja mwaka 2008, na Shanghai, Beijing na Hong Kong zikapata fungu lao. Juni 25, 2010, mwanawe alikabidhi picha tano za mwisho kwa Jumba la Sanaa la Hong Kong, na usiku wa siku hiyo Wu akafariki akiwa na umri wa miaka 90. *Mbayuwayu Wawili* ipo katika jumba hilohilo. Anayetaka kuanza kumfahamu anaweza kuanza nayo, ila ushauri wangu ni kwamba atangulize vibao vya mwaka 1972, kisha ndipo aje kwenye wino.